Habari Niliyompa Mama Yako Peke Yake

Kilwa Masoko
Alhamisi, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Umekwenda Kivinje kumuaga bibi yako na utarudi kabla ya magharibi. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitakohoa, nitaomba maji, nitauliza kama umefunga begi, na mwisho utaondoka na nusu ya habari. Kwenye karatasi nimezoea kumaliza.

Sitakuandikia juu ya koti, wala chakula cha huko Morisi uendako, wala marafiki wa kuchagua. Majirani wamekuhubiria wiki nzima, na begi lako limejaa dawa za mafua za kutosha zahanati. Una miaka ishirini na moja na una stashahada ya elektroniki. Kuanzia wiki ijayo utafundishwa kurusha ndege zisizo na rubani ndani ya vimbunga. Ulichagua kazi hiyo kwa sababu ya jambo ulilolijua kupitia kwangu, na jambo hilo si la kweli. Sitaki upande basi kesho ukiwa nalo.

Barua hii sitaificha kwenye begi ili uikute ukiwa mbali. Nitakupa mkononi ukirudi, usome nikiwa humu humu ndani, ili ukitaka kuuliza uniulize.

Nianze na Marehemu, maana bila yeye hutaelewa nilivyokuwa nafikiri siku ile ya kimbunga.

Unamjua Mzee Saidi wa sokoni, yule ambaye hata watoto wanamwamkia, "Shikamoo Marehemu," naye anaitika marahaba bila kununa. Umekua ukidhani ni utani tu. Jina lile nilimpa mimi. Nilikuwa na mwaka mmoja redioni. Mashua iliyokuwa ikivuka kutoka Kisiwani ilipinduka, na muuza samaki mmoja akaniambia Saidi alikuwamo na amezama. Nilimwamini kwa sababu alikuwa analia. Nikasoma jina kwenye taarifa ya mchana. Kufika alasiri sanda ilikuwa imekatwa na watu wamekaa mkekani. Saidi akatokea na gunia la pumba kutoka Nangurukuru, akaona watu wamejaa kwake, akavua kofia na kuuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Watu wanapoisimulia huishia hapo, wakacheka. Mama yake Saidi alikuwa ameshaanguka saa mbili kabla ya mwanawe kutokea. Aliishi miaka mingine minne upande mmoja ukiwa umekufa, na mimi nilikuwa nikienda kumsalimu kila Ijumaa mpaka aliponiomba nisiende tena.

Tangu hapo nikajiwekea sheria: habari ya mtu mmoja si habari. Mdomo mmoja, hata ukilia, nasubiri wa pili. Sheria hiyo ilinipa jina. Viongozi waliniheshimu kwa ajili yake, vijana waliokuja kujifunza kazi niliwafundisha hiyo kwanza, na wewe mwenyewe ulikuwa unanitania mezani: ukisema chumvi imezidi, unaongeza, "Chanzo cha pili ni mama." Ni sheria nzuri. Bado naitetea. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani siku ile nilikuwa mzembe. Sikuwa mzembe hata dakika moja.

Mwaka ule wa kimbunga ulikuwa kidato cha pili, tukiishi mimi na wewe hapa Masoko kwa ajili ya shule, na mama yako yuko Kiswere, nyumba mbili kutoka kwa shangazi yako Somoe. Watafiti walikuja na ndege yao wakapiga kambi uwanja wa ndege. Mwalimu wenu wa fizikia aliwapeleka kuiona. Ulirudi ukisema ni nyepesi kama boksi la samaki, na mabawa yake ni mtu akinyoosha mikono. Uliniuliza kitu cha namna ile kitafanya nini ndani ya kimbunga. Nikakujibu kwamba mimi nimeuliza swali hilo hilo.

Aliyenijibu alikuwa Deo, fundi aliyekuwa anaiongoza, kijana wa Tabora ambaye alikuwa hajaona bahari mpaka alipopata kazi hiyo. Aliniambia kimbunga kinakula joto la bahari, na kinalila pale chini kabisa, mita chache juu ya mawimbi. Setilaiti inaona mawingu kutoka juu. Ndege yenye watu haiwezi kushuka pale ikabaki salama. Kwa hiyo watabiri wanajua kimbunga kiko wapi, lakini ndani yake kinafanya nini wanakisia. Droni inashuka pale, inapima upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, inatuma namba papo hapo mpaka betri inaisha. "Hii hairudi, mzee," aliniambia. "Tukiirusha tumeshaiaga." Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari. Nikukumbushe hapa kwamba niliiandika, kwa sababu baadaye nilijifanya siijui.

Kimbunga kilipojijenga kule mashariki, utabiri ulisema kitadhoofika kikikaribia pwani na kitafika usiku kama upepo mkali wa kawaida na mvua. Taarifa hiyo niliisoma saa mbili kamili asubuhi. Ilikuwa sahihi kwa kadiri ya vilivyojulikana saa ile.

Sasa fikiria wanawake wa Kiswere wanaisikia. Wewe umekulia mjini zaidi, lakini likizo zako ulizimaliza kwenye mwani na unajua. Mkulima wa mwani akisikia upepo unakuja usiku, hakai nyumbani. Anakimbilia shambani. Upepo ukikuta kamba zimejaa unazikata, na kazi ya wiki sita inaenda na maji. Ilikuwa bamvua, maji yanatoka mbali sana asubuhi na kurudi mchana. Kwa hiyo taarifa yangu haikuwaambia wajihadhari. Iliwaambia wana muda: maji yote ya asubuhi ni yao, wavune, warudi, upepo uje usiku uwakute wamelala. Mtu wa bara angesikia tahadhari. Wao walisikia ratiba ya kazi. Mimi ni mtoto wa Kiswere, mama yangu alinibeba mgongoni kwenye mashamba hayo, na nilipokuwa nasoma maneno "usiku wa leo" nilijua kabisa watayasikia vipi.

Saa mbili na dakika ishirini Deo alinipigia simu. Nilikuwa nimewawekea wasikilizaji muziki. Alisema droni imeingia, mgandamizo unashuka badala ya kupanda, na upepo mkali umetanuka kuja upande wetu kuliko walivyodhani. Kwa hesabu yake pwani ya kusini ingeanza kupigwa kabla ya adhuhuri.

"Hiki hakilali, mzee," alisema. "Kinaamka."

Nilimuuliza kama ofisi ya utabiri inazo namba hizo. Alisema zimekwenda kwao moja kwa moja. Nikapiga kule. Mama wa zamu aliniambia namba zimefika, zinahakikiwa pamoja na vipimo vingine, taarifa mpya itatoka, na nisitangaze chochote kabla yake. Mama yule simlaumu. Tahadhari ya kimbunga ina mwenyewe, na kila mwenye kipaza sauti akitangaza yake, watu wataacha kuamini zote. Alifanya kazi yake sawasawa.

Kwa hiyo nilikuwa na chanzo kimoja. Nikasubiri cha pili.

Kama ningeishia hapo, Rukia, barua hii ingekuwa fupi. Ningekuambia baba yako alifuata sheria na sheria ikashindwa, nawe ungenielewa, pengine ungenihurumia. Lakini saa mbili unusu nilitoka nje ya studio, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikampigia mama yako.

Nilimwambia asishuke pwani. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kuna habari ya upepo, haijathibitishwa, ibaki kwake. Akaniuliza, "Na wenzangu?" Nikamwambia ikienea kijijini watajua imetoka redioni na mimi nitakuwa nimetangaza bila ruhusa. Asubiri, taarifa iko njiani. Aliitikia kwa namna ile anayoitikia akiwa hajakubali. Nilirudi ndani nikasoma matangazo ya vifo na tangazo la mnada wa mbuzi. Saa tatu kamili nikarudia taarifa ya hali ya hewa, ile ile, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rasmi. Usiku wa leo. Niliisoma vizuri. Nina kanda yake, na hakuna mahali ambapo sauti inatikisika.

Yaliyotokea mlangoni kwetu nimeyapata kwa mama yako. Alinieleza mara moja tu.

Somoe alipita na wanawake wawili, vikapu kichwani, redio yake ndogo imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alisimama nje akaita, "Wifi, maji yanatoka, wewe bado unajigeuza kitandani?" Mama yako akajibu ana homa. Somoe alikuwa hajawahi kuacha jambo lipite bila kulitia neno. "Homa gani? Jana usiku umemaliza pweza wangu sahani mbili. Hiyo homa ya kwenu Wamatumbi, inapanda ikinusa kazi." Wale wawili wakacheka. Mama yako naye alicheka, ananiambia, alicheka kweli, huku amekaa kitandani amefunga kanga yake ya shambani kiunoni. Somoe akasema haya, lala, kamba zako nitakuvunia mimi, utanilipa siku nitakayougua.

Mama yako aliinuka, akafika mlangoni, akashika komeo. Akasimama hapo mpaka sauti zao zikaisha. Alikuwa ameambiwa na mumewe asiseme.

Walishuka kumi na tisa. Upepo wa kwanza uliwakuta saa nne na nusu, na maji yaliyokuwa yametoka yakarudi kabla ya wakati wake, kwa kina ambacho hakuna aliyekizoea. Waliokuwa mashamba ya karibu walitambaa mpaka mikokoni. Somoe alikuwa amemaliza za kwake. Walionusurika wamesema hivyo wote, nimewauliza mmoja mmoja kama mwandishi anavyouliza. Alikuwa amemaliza, kikapu chake kiko ndani ya mtumbwi, na amerudi ndani zaidi, yeye na wenzake watatu waliokuwa wakimsaidia, kwenye kamba za mama yako. Taarifa mpya ilinifikia saa tano kasoro dakika kumi. Niliisoma ndani ya dakika moja. Hao wanne hawakuwapo tena kuisikia.

Wawili walipatikana siku ya pili. Somoe alipatikana siku ya nne, kaskazini, na mumewe Issa alimtambua kwa pete. Wa nne hakupatikana. Haya unayajua, ulikuwepo mazikoni. Usichokijua ni nilichofanya baada ya mazishi.

Niliandika habari. Ilisomwa redioni na magazeti yakaichukua. Ndani yake niliweka sentensi hii: "Ndege ndogo isiyo na rubani, iliyorushwa asubuhi hiyo kuchunguza kimbunga, ilipotea baharini." Nimeisoma mara nyingi tangu hapo nikitafuta uongo, haumo. Ilirushwa. Ilikuwa asubuhi hiyo. Ilipotea baharini. Niliiweka baada ya idadi ya waliokufa na kabla ya maelezo kwamba tahadhari ilichelewa, nikaacha wasomaji waunganishe wenyewe. Wakaunganisha. Kufika Ijumaa kila kijiwe cha Masoko kilikuwa kinasema kidege cha watafiti kilikunywa maji ya chumvi kabla hakijasema lolote. Watafiti walipotaka kurudi mwaka uliofuata, Kiswere waliwakatalia, na kijiji cha jirani kikawafuata. Kwa kadiri ninavyojua, hakuna aliyerusha nyingine kutoka pwani hii mpaka leo.

Deo alinipigia mara moja kabla hajaondoka. Hakugombana. Alisema, "Mzee, uliandika ilipotea. Hukuandika ilisema nini." Nikamwambia nafasi ilikuwa ndogo. Akaniambia kwaheri kwa adabu, na namba yake haikupatikana tena.

Na wewe. Ilikuwa wiki mbili baada ya msiba, tunakunywa chai kwenye meza hii ninayoandikia. Ulisema, "Baba, kama ile ndege ingedumu saa moja zaidi, shangazi angekuwa hai." Ulikuwa na miaka kumi na tano, umelia mpaka kope zimevimba, na umepata kitu cha kukasirikia kisicho na uso. Ningeweza kusema pale. Nilikuongezea chai. Baada ya hapo ulianza kuomba vitabu vya umeme, ukaunda ndege ya maboksi ikaanguka juu ya bati la jirani, ukaingia chuo, na kila hatua niliishangilia nikiwa najua umesimama juu ya nini.

Mwaka jana uliniletea barua yako ya maombi ya mafunzo haya nikusaidie lugha. Sentensi ya pili ilisema shangazi yako alikufa kwa sababu chombo kilishindwa, na wewe unataka kutengeneza vyombo visivyoshindwa. Nilisahihisha koma tatu. Nilikubadilishia neno moja kwenye aya ya mwisho. Sentensi ya pili niliirudisha kama ilivyokuja.

Kwa hiyo nakuambia kwa maneno yasiyo na pa kuunganisha: chombo hakikushindwa. Kilisema ukweli wote, mapema, kikasikika. Aliyekisikia ni mimi.

Nimekaa na jambo hili miaka sita na sidhani kosa langu lilikuwa kusubiri. Ningeweza kutetea kusubiri mbele ya mtu yeyote. Kosa ni kwamba nilisubiri kwa ajili ya watu wengine na sikusubiri kwa ajili ya nyumba yangu. Kama habari ilikuwa haijatosha, haikutosha kwa mama yako pia. Na kama ilitosha kwa mama yako, ilitosha kwa wote kumi na tisa. Siku zote nilijiambia kulikuwa na njia mbili, kutangaza au kunyamaza. Si kweli. Mwenyekiti wa kitongoji nilikuwa na namba yake. Imamu nilikuwa na namba yake, na msikiti una kipaza sauti. Ningeweza kuwaambia: sina taarifa rasmi, nina wasiwasi, wazuieni akina mama kwa saa mbili tu. Nisingevunja amri ya mtu. Ningeaibika tu kama upepo usingekuja. Nilikuwa naogopa Marehemu wa pili, hilo ni kweli, lakini hofu ile haikunizuia kupiga simu nyuma ya tangi.

Huko uendako utakuwa upande wa Deo. Utakaa mbele ya kioo, namba zitaingia, na kwa dakika kadhaa utajua kitu ambacho watu walio chini yake hawajui. Watakufundisha kuzituma namba kwa wenye mamlaka, na uzitume kwao, usianze kujitangazia mtandaoni. Nisichojua kukushauri ni zile dakika. Mimi zilinipata nikazitumia kama nilivyokuambia. Siku zitakapokupata, ukijikuta unatafuta namba ya mama yako kwenye simu, jua kwamba umeshaamini hizo namba. Amua kuanzia hapo.

Kuhusu mama yako. Umeumia kwamba hakuja kukuaga, na unadhani alikwenda kwao Kipatimu kwa sababu tulishindwana kama watu wazima wanavyoshindwana. Alikaa mpaka arobaini ya Somoe. Alipika, alipokea watu, alimshika Issa mkono. Siku iliyofuata alikata kamba zake zote za mwani vipande vipande kwa kisu, akafunga mzigo. Alichoniambia nakinukuu: "Uliniokoa, na uliniingiza kwenye kosa lako. Hukuniuliza hata kimoja." Amekataa miaka yote hii kukanyaga Masoko mpaka nikuambie, na amekataa kukuambia yeye, kwa sababu anasema aliyefunga ndiye afungue. Juzi nilimpigia kumwambia nimeamua. Akasema Ijumaa, yaani kesho, atakuwa Njia Nne, pale barabara ya Kipatimu inapotokea. Basi lako husimama pale. Ukitaka kushuka, dereva atakusubiri kidogo, nimeshazungumza naye. Ukitaka kupita, pita, hatakulaumu, na hata mimi sitakulaumu.

Na kama baada ya kusoma hutaki tena kwenda Morisi, pia sawa. Nafikiri kazi yenyewe inahitajika, na sasa unajua inaweza kuokoa watu. Lakini sababu uliyokuwa nayo nimekunyang'anya leo, na huwezi kuazima yangu. Itabidi utafute yako.

Bado kuna jambo moja.

Nilipoamua kusema, wazo langu la kwanza lilikuwa nianze na wewe, halafu niende Kiswere ukishaondoka. Nilikuwa nimeshatoa karatasi. Ndipo nikaona nafanya yale yale: habari inaanzia nyumbani kwangu, wengine wanasubiri. Nikairudisha karatasi. Jumatatu, nilipokuambia nakwenda kwenye mkutano wa mkoa, sikwenda mkutanoni. Nilikwenda Kiswere.

Nyumba ya kwanza niliongea na Mzee Bakari, ambaye mkewe ndiye hakupatikana. Alinisikiliza nimesimama, hakuniambia nikae. Nilipomaliza aliingia ndani akafunga mlango. Nyumba ya pili mkamwana wa marehemu alinipa maji na kuniambia ni mipango ya Mungu. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na nilitamani kupita. Nilimwambia Mungu hakunipigia simu, alinipigia Deo. Akachukua kikombe mkononi mwangu kikiwa bado na maji. Nyumba ya tatu kaka wa marehemu alinishika kola, akaniambia niondoke kabla hajasahau kwamba mimi ni mtu mzima. Mpaka nafika ya nne, habari ilikuwa imeshanitangulia, na watoto walinipisha njia bila kuniamkia.

Issa alikuwa anashona wavu. Hakuacha kushona. Nilimweleza kuanzia simu ya Deo mpaka sentensi ya gazetini, kama nilivyokuandikia wewe, bila kuruka. Akauliza jambo moja: mkeo ulimwambia saa ngapi? Nikasema saa mbili unusu. Aliuhesabu muda ule, nikamwona anauhesabu.

"Saa hiyo alikuwa hajatoka," alisema. "Tulikuwa tunabishana kuhusu kuku wa jirani."

Nikakaa. Aliuliza kama wewe unajua. Nikamwambia bado, na kwamba unaondoka Ijumaa kwenda kujifunza zile ndege kwa ajili ya Somoe. Hapo ndipo alipoacha kushona.

"Basi mwambie kabla hajapanda basi," akasema. "Asiende ugenini kuwaambia watu kwamba mke wangu aliuawa na mashine."

Baba yako